Mgongo unataka godoro gumu, viungo vinataka laini: ninunue lipi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 52, fundi cherehani. Magoti yananisumbua miaka sasa, na siku hizi vidole navyo vimeanza kutoa vinundu kwenye vifundo. Hospitali walinipiga picha wakasema gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa kwenye viungo, zimelika. Nikapewa dawa za kutuliza maumivu na mazoezi ya magoti, nayafanya.

Shida yangu kubwa kwa sasa ni usiku. Mgongo wa chini unauma. Nikilala ubavu, bega na nyonga vinachoma mpaka nageuka, na nikigeuka goti linanishtua, usingizi umeisha. Asubuhi sinyanyuki hivihivi. Nashika nondo ya dirisha, najivuta, nakaa kitako kama robo saa mpaka mwili ukubali. Nikishatembeatembea nafunguka.

Godoro letu ni la sponji, la zamani, katikati lina bonde. Mume wangu ni mtu wa mwili, mimi mwembamba, basi kila usiku nateremkia kwake nipende nisipende. Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu wiki nzima kulikuwa na shughuli, na ajabu ni kwamba mgongo ulitulia kabisa, ingawa magoti yalibaki vilevile.

Watoto wamechanga pesa, wanasema Mama nunua godoro. Sasa kila mtu ana lake. Baba watoto anasema dawa ya mgongo ni godoro gumu, tena likazane kwelikweli. Jirani anasema tulale chini kwenye mkeka. Muuzaji ananionyesha lililoandikwa "othopediki" (yaani la tiba ya mifupa), anasema hata madaktari wanalisifu, na bei yake inameza mchango wote. Mdogo wangu ana lile linalobonyea polepole. Nilipolijaribu bega lilifurahi, lakini kugeuka ilikuwa kazi.

Nichague lipi? Na nikipata godoro sahihi, hizi dawa nitaacha?

Fundi Asiyelala

* * *

Marahaba, mwanangu. (Una miaka 52 na bado nakuita mwanangu, uliyeniamkia ni wewe.)

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi: hapana. Gegedu iliyolika hairudishwi na godoro, na dawa uliyoandikiwa na daktari haiachwi kwa sababu ya kitanda kipya. Godoro zuri linachoweza kukupa ni usingizi usiokatika na asubuhi isiyokuadhibu. Kwa mtu mwenye magoti kama yako hilo si dogo, maana usiku mbovu huyafanya maumivu ya kesho yake yaume zaidi.

Sasa kuna jambo umeliandika kwa kulipitia tu, na mimi naona ndilo kubwa katika barua yako. Kwa dada yako mgongo ulitulia, magoti hayakutulia. Maana yake magoti ni ya ugonjwa, yatakwenda nawe popote utakapolala, lakini sehemu kubwa ya maumivu ya mgongo inatoka kitandani kwako. Nakushauri umpigie dada yako kabla hujarudi kwa muuzaji. Muulize godoro lake ni la aina gani, unene wake, amelinunua lini, na limelazwa juu ya nini. Mwili wako umeshalipima wiki nzima, jambo ambalo hakuna duka litakuruhusu kulifanya.

Halafu kabla ya kutoa hata senti, toa godoro lenu mlilaze sakafuni, ulitazame. Kama bonde bado lipo, godoro limekwisha. Kama limekaa sawa, basi mwenye kosa ni kitanda: chaga zimepinda, au zimeachana mno, au moja imevunjika na hakuna aliyeiona kwa sababu nani huinama mvunguni na magoti kama yako? Mwambie baba watoto ainame yeye. Nafasi kati ya chaga na chaga ikizidi sentimita saba au nane, sponji inaingia humo na kuharibika kabla ya wakati wake. Godoro jipya juu ya chaga mbovu litachimba bonde lilelile, na wauzaji wengi wakiona limelazwa kwenye kitanda kibovu hukataa kuheshimu dhamana.

Tuje kwa mzee na godoro lake gumu. Simlaumu. Kwa miaka mingi hata madaktari waliwaambia watu hivyohivyo, na wengine wakaweka mbao chini ya godoro. Lakini mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania, ukiongozwa na daktari Francisco Kovacs. Walichukuliwa watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo mahsusi, nusu wakapewa magodoro magumu, nusu magodoro ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa nani kapata lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliokuwa na nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka, na kazi zao za mchana ziliwawia rahisi kidogo kuliko wenzao. Hao walikuwa wagonjwa wa mgongo, si wa viungo, kwa hiyo sitaki kuunyoosha utafiti huo ukufunike wewe mzima. Ila kwa suala la mgongo wa mwanamke wa kawaida, "gumu zaidi ndilo bora" halina miguu ya kusimamia.

Na ukilala ubavu, utaelewa kwa nini. Bega na nyonga ndizo zinazotokeza. Godoro likiwa gumu mno, uzito wako wote unasimama juu ya sehemu hizo mbili, kiuno kinabaki kinaning'inia hewani, na usiku mzima misuli ya mgongo inafanya kazi ya kukishikilia. Likiwa laini mno, nyonga zinazama, mgongo unapinda kama kwenye bonde lenu la sasa. Kwa hiyo ugomvi unaouona kati ya mgongo na viungo si ugomvi wa kweli. Unachotafuta ni godoro lenye tumbo imara chini na tabaka la sentimita tano hivi laini juu. Chini inashika mgongo, juu inapokea bega na nyonga. Magodoro mengi mazuri yameundwa hivyo, na kama la kwenu litaonekana bado zima baada ya kutengeneza chaga, unaweza hata kununua kigodoro chembamba cha kutandika juu na kubaki na sehemu kubwa ya mchango.

Kuna jambo ambalo waandishi wa matangazo hawaligusi, na kwa mtu mwenye viungo vibovu mimi naliweka sawa na ulaini: kugeuka. Mtu mzima hujigeuza mara nyingi usiku mmoja, na wewe kila mgeuko unapita gotini. Lile la mdogo wako, linalobonyea polepole na kubaki na alama ya mkono, ni sponji inayolainika kwa joto la mwili. Ilibuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya viti vya ndege katika kazi za NASA, shirika la anga la Marekani, na kwa kupunguza mgandamizo ni hodari. Ila inakukumbatia. Ukitaka kugeuka inabidi upande kutoka kwenye shimo ulilojichimbia mwenyewe, na mahali pa baridi inakuwa ngumu zaidi usiku unapoanza, wakati mahali pa joto watu wengi hulalamika kwamba wanatoka jasho. Ulihisi hayo mwenyewe kwa dakika chache tu, amini hisia zako. Kama unaipenda, iwe tabaka jembamba juu, isiwe godoro zima.

Godoro la mpira, yaani lile litokanalo na utomvu wa mti wa mpira, linabonyea na kurudi papo hapo, kwa hiyo linakusukuma unapogeuka. Hudumu sana. Ubaya wake ni uzito, na wenye mzio wa mpira waliache. La springi nalo linafaa kama springi zake zimevishwa kila moja mfuko wake, maana zinabonyea moja moja pale penye uzito. Yale ya zamani ambayo springi zote zimefungwa pamoja kwa waya, mzee akigeuka na wewe unarushwa.

Mkibaki kwenye sponji ya kawaida, na wengi hubaki huko, usiulize ugumu tu. Uliza uzito wa sponji yenyewe, ambao hupimwa kwa kilo kwa kila mita ya ujazo. Wewe ni fundi, utanielewa upesi: kitambaa chepesi kilichotiwa kanji kinasimama vizuri dukani, ukikifua mara moja kinalegea. Sponji nyepesi nayo hutengenezwa ikawa ngumu ukiibonyeza kwa kiganja, na baada ya miezi michache ina bonde. Kwa watu wazima wawili, mmoja akiwa na mwili, tafuta kilo 30 au zaidi. Muuzaji asipojua, mwambie alipime. Godoro la mita 2 kwa mita 1.5 lenye unene wa sentimita 20 lina mita za ujazo 0.6, kwa sponji ya kilo 30 lazima lifike kilo 18. Likisoma kilo 10, unauziwa hewa iliyofunikwa kitambaa cha maua.

Na hilo la "othopediki"? Kwa kawaida hakuna bodi ya madaktari inayokaa kukagua nani aliandike na nani asiliandike. Kiwanda kinaweza kulichapisha juu ya godoro lolote lililokazana kidogo. Huenda likawa godoro zuri, mimi sijaliona, lakini lipime kama mengine na usilipe zaidi kwa sababu ya hilo neno.

Dukani, omba plastiki itolewe, maana plastiki huficha ulaini. Vua viatu, ulale ubavu kama unavyolala kwako, na mto. Usione haya, robo saa nzima, muuzaji asubiri. Mwambie baba watoto asimame nyuma yako akupige picha ya mgongo kwa simu. Mtazame pamoja: kutoka shingoni hadi kwenye mkia wa uti wa mgongo pawe na mstari ulionyooka. Ukishuka kuelekea nyongani, godoro ni laini mno. Bega likiwa limepandishwa karibu na sikio, ni gumu mno. Kisha lala chali, upitishe mkono chini ya kiuno. Ukipita kwa wepesi na nafasi ikabaki, gumu. Ukilazimika kuusukuma kwa nguvu, limekumeza. Baada ya hapo geuka kulia, geuka kushoto, pole pole kama saa nane ya usiku, usikilize goti. Mwisho kaa ukingoni usimame bila kushika kitu. Ukingo ukiporomoka ukakuteremsha, liache hapohapo hata kama katikati ni tamu.

Naye mzee alale juu yake, tena mlale pamoja. Godoro ambalo ni la wastani kwa mwembamba, kwake yeye ni laini, na ambalo ni la wastani kwake, kwako ni sakafu. Ndiyo maana hamtakubaliana mkijaribu kila mtu peke yake. Kama kitanda chenu ni kipana, magodoro mawili membamba kwa upana, ya unene mmoja, yakilazwa ubavu kwa ubavu chini ya shuka moja, yanamaliza mjadala: yeye apate lake la kukaza, wewe lako, na hakuna tena kuteremkia kwa mtu. Au nunueni moja imara linalomfaa yeye, upande wako uongeze kigodoro cha juu. Ndoa haivunjiki kwa mshono katikati ya kitanda.

Ushauri wa jirani wa kulala chini nakuomba uusikilize kwa adabu tu. Mkeka sakafuni ni ule ugumu uliokwisha kusemwa, na juu ya hapo, nani atakunyanyua asubuhi? Kwa magoti yenye gegedu zilizolika, kuinuka kutoka sakafuni ni adhabu kuliko yote uliyoieleza.

Urefu wa kitanda kutoka sakafuni kwako ni jambo la kupimwa kwa futi yako ya kushonea. Kaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage chini, nyonga ziwe sawa na magoti au zizidi kidogo juu. Ukikuta magoti yako yamepanda kuliko nyonga, kitanda ni kifupi na kila kuamka unainua mwili mzima kwa magoti. Matendegu yanaweza kuongezwa vipande vya mbao vilivyochongwa shimo ili yasiteleze, yote manne kwa kipimo kimoja. Lakini subiri godoro jipya lije kwanza; likiwa nene kuliko la zamani, kitanda kitapanda chenyewe, na kikizidi utabaki miguu inaning'inia.

Na hiyo nondo ya dirisha, iache. Unapojivuta ukiwa chali, unapinda kiuno kwa nguvu zote na vidole vyenye vinundu vinabeba mzigo. Jaribu hivi: kunja magoti, jiviringishe ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Teremsha miguu nje ya kitanda, na wakati huohuo sukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Miguu ikishuka, kiwiliwili kinapanda karibu chenyewe. Tumia mkono kuanzia kiwikoni hadi kiganjani, vidole vipumzike. Kabla ya kunyanyuka, ukiwa bado umelala, vuta goti moja kifuani kisha jingine, chezesha nyayo, fumba na kufumbua mikono. Maji ya moto baadaye ni rafiki wa viungo vya asubuhi.

Mito ni rahisi kuliko godoro na watu huisahau. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti, ufike hadi vifundo vya miguu ukiweza, ili goti la juu lisiburute nyonga. Wa kichwani ujaze nafasi kati ya sikio na bega tu, na godoro likiwa laini, bega litazama zaidi, hivyo mto wa zamani unaweza kuwa mnene mno. Utasikia watu wakikushauri mto chini ya magoti ukilala chali. Mgongo unaupenda, kweli, lakini kwako wewe mwenye magoti mabovu usiwe wa kila usiku mpaka asubuhi: goti linalolala limekunjwa kwa miezi hujifunza kukunjika, kulinyoosha kukawa kazi.

Kazi yako nayo ina mchango wake. Anayeinama juu ya cherehani kutwa, hakuna godoro litakalomfulia hiyo siku. Simama kila nusu saa, nyoosha mgongo, pandisha kiti juu kidogo uache kujikunja.

Robo saa ya kukakamaa uliyoisema inaendana na gegedu zilizolika, ambako kwa kawaida viungo hufunguka ndani ya nusu saa. Ikianza kufika saa nzima au zaidi, na vifundo vikavimba laini vikawa vya moto, hasa mikono yote miwili, rudi hospitali, maana upo ugonjwa mwingine wa viungo ambao kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayovishambulia, na dawa zake ni tofauti na hutakiwa mapema. Pia mgongo unaouma usiku kwa namna ambayo hakuna mkao unaosaidia, ukiambatana na homa au kupungua mwili bila sababu, si suala la godoro. Na siku utakapopata ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, mguu ukalegea, au haja ndogo au kubwa ikakataa kutoka au ikatoka bila kujijua, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu malipo, mwulize muuzaji kabla ya kutoa pesa: nikilalia nikashindwa, unalirudisha au unanibadilishia, na ndani ya muda gani? Jibu liandikwe kwenye risiti, na ukifika nyumbani litandikie kitambaa cha kinga, kwa sababu doa moja linatosha kukataliwa. Usilihukumu usiku wa kwanza. Mwili uliozoea bonde huweza kulalamika wiki mbili tatu ukiwekwa mahali palipo sawa. Maumivu yanayohama na kupungua ni ya kuzoea. Lakini bega au nyonga ikiendelea kuchoma palepale hata baada ya wiki ya nne, chukua risiti yako ulirudishe.